Wasomaji Wanauliza: Nibebe Nini Ninapokwenda Kwenye Theluji?

Juni inapokaribia na baridi ya kiangazi inapoanza kuuma asubuhi hapa Lubumbashi, ndipo barua za safari za theluji zinapoanza kutufikia. Baadhi ya wasomaji wamealikwa na ndugu wanaofanya kazi Johannesburg ili wapande pamoja milima ya Lesotho mwezi Julai, na wengine wana jamaa Ufaransa wanaowasubiri Februari ijayo. Tumechagua baadhi ya barua zinazohusu mchezo wa kuteleza kwa ubao juu ya theluji, tumezifupisha, na majibu tumeyapa urefu kulingana na uzito wa jambo lenyewe.

Kijana wa Kampemba ameandika: "Kaka yangu mkubwa amenialika nikae naye siku nne Afriski, kituo cha michezo ya theluji nchini Lesotho, nijifunze kuteleza kwa ubao. Nimekwisha kununua suruali mbili nzito za jinzi, fulana za pamba, sweta mbili na soksi nene ambazo nitazivaa mbili mbili. Je, zinatosha, au kuna kitu nimesahau?"

Ndugu yetu, tunakuomba jinzi na fulana hizo uzibebe kwa ajili ya jioni tu, mtakapokuwa mmeketi ndani, kwa sababu mchana kwenye theluji zitakutesa. Mtu wa Lubumbashi hudhani, kutokana na uzoefu wake mwenyewe, kwamba dawa ya baridi ni unene wa nguo. Hapa kwetu hewa ya Juni na Julai ni kavu, na hata kipimajoto kikishuka chini ya nyuzi 10 alfajiri, sweta nene linatosha mpaka jua lipande. Kwenye mteremko wa theluji adui mkubwa ni maji. Anayejifunza ubao hutumia saa nyingi za siku ya kwanza akiwa ameketi au amepiga magoti. Theluji iliyo chini yake huyeyuka kwa joto la mwili, na wakati huohuo jasho linamtoka kwa jitihada ya kuinuka tena na tena. Pamba hunywa maji hayo yote na haiyaachii. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa iliyotulia, ndiyo maana mtu aliyevaa sweta tatu zilizolowa hutetemeka, huku mwenzake mwenye nguo nyembamba lakini kavu akiendelea na mchezo.

Ni vizuri pia uielewe theluji utakayoikuta. Afriski iko mita 3,222 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya mlimani ya Mahlasela, kaskazini mwa Lesotho, na msimu wake ni kuanzia Juni hadi Agosti. Theluji ya asili huko haitegemewi kila wiki, kwa hiyo mteremko mkuu, wenye urefu wa takriban kilomita moja, hutandikwa theluji inayotengenezwa kwa mashine wakati baridi imeshuka chini ya sifuri. Theluji ya mashine ni nzito na ngumu kuliko ile inayoanguka yenyewe. Asubuhi inaumiza unapoiangukia, na alasiri, baada ya kupigwa na jua, inakuwa tepetepe na kujaa maji. Kisha jua linajificha nyuma ya mlima, na katika muda mfupi kila kilicholowa kinaanza kuganda. Nguo unazochagua ni za kukufikisha salama katika saa hiyo ya jioni.

Vaa tabaka tatu. Tabaka la kwanza, linalogusa ngozi, liwe la polista au la sufu laini ya kondoo, kwa sababu nyuzi hizo husukuma jasho nje badala ya kulihifadhi. Ukikosa nguo maalumu za ndani, jezi ya mpira yenye mikono mirefu itafanya kazi vizuri, pamoja na suruali ya kubana ya michezo. Tabaka la pili ni sweta ya flisi, nyepesi na yenye manyoya mafupi, inayokauka haraka. Tabaka la tatu ni koti na suruali visivyopenyeza maji wala upepo. Likiwepo joto kali la mchana, tabaka la pili unalivua na kulifunga kwenye mkoba, na ulivue kabla jasho halijaanza kukutoka.

Koti na suruali ndivyo vinavyowatisha watu kwa bei, lakini katika marobota ya mitumba yanayotoka Ulaya huja makoti ya ski, na mara nyingi hununuliwa na madereva wa pikipiki kwa ajili ya baridi ya alfajiri. Usichague kwa rangi. Geuza koti ndani nje, ufuate mishono kwa kidole: koti zuri lina utepe uliobandikwa juu ya kila mshono, na utepe unaobanduka, au kitambaa kinachoacha unga mweupe kwenye vidole, ni dalili kwamba kinga yake imekwisha. Tazama kiunoni, upande wa ndani, kama kuna sketi fupi ya elastiki yenye vifungo, ambayo huzuia theluji isipande mgongoni unapoanguka. Lebo ikitaja kipimo cha kuzuia maji, tafuta milimita 10,000 au zaidi. Ukifika nyumbani, laza mkono wa koti ndani ya beseni, mwagia kikombe cha maji mahali kitambaa kinapokunjika kwenye kiwiko, na usubiri dakika kumi. Maji yakibaki juu yakiwa matone, koti ni zima. Yakienea kwenye kitambaa cha nje huku ndani kukiwa bado kukavu, dawa ya kunyunyizia inayouzwa kwa ajili ya nguo za mvua inaweza kulirudisha. Yakifika ndani, koti hilo halifai kwa theluji, hata likiwa zuri namna gani. Suruali ipime vivyo hivyo, na uipime kwenye makalio na magoti, kwa kuwa hapo ndipo utakapokaa siku nzima.

Kuhusu soksi, achana kabisa na wazo la kuvaa mbili mbili. Soksi mbili hujikunja ndani ya buti, hubana mishipa ya damu na kuleta malengelenge, na mguu unaobanwa hupoa upesi kuliko mguu ulio huru. Unahitaji jozi moja kwa kila siku, ndefu hadi chini ya goti, ya sufu iliyochanganywa na nyuzi za viwandani, na usichomeke ndani yake pindo la suruali ya ndani. Unapojaribu buti za kukodi, vaa soksi hiyohiyo, piga kisigino chini mara mbili ili kiingie nyuma kabisa, kisha funga. Ukisimama wima, vidole viguse kidogo mbele. Ukikunja magoti, virudi nyuma viache kugusa. Na ukiinuka kwa ncha za vidole, kisigino kisinyanyuke ndani ya buti. Kikinyanyuka, omba saizi ndogo zaidi bila kuona haya, kwa sababu buti kubwa ndiyo inayomfanya mwanafunzi aanguke bila kujua kosa lake liko wapi.

Nunua mwenyewe glavu, soksi na miwani ya theluji. Kodi huko huko ubao, buti na kofia ngumu. Glavu ziwe jozi mbili, maana moja italowa kabla ya saa sita, na zile za mfuko mmoja zinazoviweka vidole vinne pamoja hutunza joto kuliko zenye vidole vilivyotengana. Fundi cherehani wa mtaani kwenu anaweza kushonea kila glavu kamba ya elastiki ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono, ili ukiivua isiporomoke mlimani. Miwani nayo si pambo. Nguvu ya miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya inaweza kuakisi hadi asilimia 80 ya miale hiyo, hivyo macho hupigwa kutoka juu na kutoka chini. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, lakini macho hayana, na mtu aliyekaa mchana kutwa bila miwani huweza kuamka usiku akihisi mchanga machoni na kushindwa kuyafungua. Kama unavaa miwani ya kusomea au ya kuona mbali, tafuta ya theluji yenye nafasi ya kuingia juu yake, na usiipandishe kwenye paji la uso unapopumzika, kwa kuwa joto la kichwa huijaza ukungu. Ongeza krimu ya jua yenye kinga ya 30 au zaidi na mafuta ya midomo yenye kinga hiyo pia.

Baba mmoja wa Ruashi ameandika: "Nina miaka zaidi ya arobaini, kazi yangu ni ya kukaa ofisini, na wanangu wanataka twende wote. Je, mwili wangu utaweza, na nianze mazoezi gani?"

Mzee wetu, utaweza, mradi uanze wiki sita au nane kabla ya safari na usingojee wiki ya mwisho. Mchezo huu unachosha mapaja, mashavu ya miguu na tumbo, kwa sababu mtu hubaki amekunja magoti muda wote. Chuchumaa na kusimama polepole mara kumi na tano, pumzika, rudia mara tatu; panda ngazi badala ya lifti; simama kwa mguu mmoja huku ukipiga mswaki, na ukishazoea, fanya hivyo macho yakiwa yamefumbwa. Zoezi hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linaloamsha misuli midogo ya kifundo cha mguu ambayo kiti cha ofisini kimeilaza.

Jambo ambalo tungependa ulifanye kuliko mengine ni kujifunza kuanguka kabla hujaondoka nyumbani. Ajali inayowapata zaidi wanaoanza ubao ni kuvunjika kifundo cha mkono, na sababu yake ni ileile kila mara: mtu anaanguka, ananyoosha mkono kujizuia, na uzito wote unashukia kiganja. Weka godoro sakafuni. Kwa kuanguka mbele, kunja magoti kwanza ili upungue urefu, tua kwa magoti, kisha lala juu ya mikono ya mbele, kutoka viwiko hadi ngumi, huku ngumi zikiwa zimefungwa. Kwa kuanguka nyuma, chuchumaa mpaka makalio yakaribie chini, keti, bingirika mgongoni, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani na mikono imekumbatia mwili. Rudia kila jioni mpaka mwili ufanye bila kuagizwa, na watoto wafanye pamoja nawe. Pamoja na zoezi hilo, nunua kinga za vifundo vya mikono, zile zenye kipande kigumu upande wa kiganja ambazo wachezaji wa viatu vya magurudumu huvaa, na uhakikishe zinaingia ndani ya glavu zako. Kofia ngumu ni lazima kwenu wote.

Kuna swali moja utakaloulizwa kwenye duka la kukodisha, nalo ni mguu gani unatangulia mbele kwenye ubao. Wengi hutanguliza wa kushoto, wachache wa kulia, na jambo hili halifuati mkono unaoandikia. Vaa soksi, kimbia hatua chache kwenye sakafu laini kisha jiachie uteleze: mguu unaojitokeza wenyewe mbele ndio wako katika hali nyingi. Siku ya kwanza ukiona umechagua vibaya, vifungio vinavyoshika buti kwenye ubao hubadilishwa kwa bisibisi.

Usisahau pia hewa ya juu. Lubumbashi iko mita zipatazo 1,200, Johannesburg iko karibu mita 1,750, nawe utapanda kwa gari hadi zaidi ya 3,200 katika siku moja, mahali ambapo kila pumzi ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni unayoipata pwani. Kuumwa kichwa kidogo na kukosa usingizi usiku wa kwanza ni kawaida. Kunywa maji mara kwa mara, acha pombe jioni ya kwanza, na asubuhi inayofuata anza na somo la saa mbili badala ya siku nzima. Mtu akitapika, akiyumba anapotembea, au akihema ilhali ameketi, asisubiri kesho. Ashushwe chini mara moja.

Mama wa Katuba ametuandikia barua ambayo tumeisoma kwa uangalifu mkubwa: "Mwanangu wa kwanza ni SS, na mdogo wake daktari alisema ni AS. Shangazi yao anataka kuwachukua wote wawili Lesotho. Niwafungie nguo gani ili wasipate shida?"

Mama yetu, kwa mtoto wa kwanza hakuna nguo itakayotosha, na tunakuomba usimruhusu apande huko. Mwenye ugonjwa wa selimundu, yaani SS, hupata maumivu makali pale chembe zake nyekundu za damu zinapobadilika umbo na kuziba mishipa, na mambo yanayochochea hali hiyo ni baridi, upungufu wa maji mwilini, uchovu wa misuli na uhaba wa oksijeni. Mteremko ulio mita 3,222 unayakusanya yote manne mahali pamoja, mbali na hospitali kubwa, na kwenye barabara ya milimani ambayo majira hayo huweza kuwa na barafu. Shangazi anaweza kumpangia safari nyingine ya kumfurahisha huko Johannesburg kwenyewe, baada ya daktari wake kuridhika na safari ya ndege, na mtoto aelezwe sababu waziwazi ili asione kwamba amenyimwa.

Yule wa AS, yaani aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, kwa kawaida huishi bila matatizo, na wengi hupanda milima wasipate lolote. Hata hivyo inajulikana kwamba mwenye hali hiyo, akijitumikisha sana mahali pa juu, anaweza, ingawa ni nadra, kupata madhara kwenye wengu. Mpeleke kwa daktari kabla ya kununua tiketi. Akikubaliwa, shangazi aelewe mambo matatu: mtoto anywe maji hata kama haoni kiu, asifanyishwe kazi nzito siku mbili za kwanza, na akilalamika maumivu chini ya mbavu za kushoto ashushwe chini siku hiyohiyo na kupelekwa hospitali, na madaktari waambiwe kwamba ni AS. Liandikeni neno hilo kwenye karatasi ndogo, mlitie ndani ya mfuko wa koti lake. Na wasomaji wengine ambao hawajui hali ya damu ya watoto wao, tafadhali wafanyeni kipimo cha himoglobini kabla ya safari yoyote ya milima mirefu, kwa maana katika nchi yetu familia zenye AS ni nyingi sana.

Dada wa Kamalondo anauliza: "Nguo nimekwisha kupata. Ni karatasi gani na vitu gani vidogo ambavyo watu husahau wakaja kujuta?"

Dada, karatasi inayowaponyoka wengi ni aina ya viza. Lesotho imezungukwa pande zote na Afrika Kusini, kwa hiyo ukivuka mpaka wa Caledonspoort kuelekea Butha-Buthe umetoka Afrika Kusini, na ukirudi kuchukua ndege Johannesburg unaingia upya. Omba viza ya Afrika Kusini ya kuingia zaidi ya mara moja, na ushughulikie ruhusa ya Lesotho mapema kupitia ubalozi wake kabla ya kulipia malazi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinahitajika kwa anayetoka Kongo. Chanjo lazima iwe imepita siku 10, na tangu 2016 cheti hicho ni halali kwa maisha yote, hata kama kilichapishwa tarehe ya mwisho.

Kuhusu vitu vidogo, beba adapta ya umeme, kwa kuwa plagi zetu za pini mbili haziingii kwenye tundu kubwa la pini tatu za mviringo linalotumika Afrika Kusini na Lesotho. Betri ya akiba ya simu iweke kwenye mkoba wa mkononi. Sheria za usafiri wa anga hazikubali iwekwe kwenye valizi la mizigoni. Kwenye theluji simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwa sababu baridi huizima hata ikiwa imejaa. Seti moja kamili ya nguo za ndani, glavu na miwani nayo iwe mkononi, ili valizi likichelewa usipoteze siku za mchezo. Randi za Afrika Kusini hupokelewa Lesotho kwa thamani sawa na loti, kwa hiyo huna haja ya kubadilisha fedha mara mbili.

La mwisho ni la afya. Lesotho haina malaria, na daktari wa huko akimwona mtu mwenye homa, baridi ya mwili na kuumwa kichwa mlimani anaweza kufikiria mafua au urefu wa mlima kwanza. Ukishikwa na homa safarini au ndani ya wiki chache baada ya kuondoka hapa, sema mapema kwamba unatoka Lubumbashi na uombe kipimo cha malaria. Ushauri huu unawahusu pia wanaokwenda Ulaya.

Binti mmoja wa hapa mjini, ambaye dada yake anasoma Grenoble, anauliza kama maandalizi ya Ufaransa ni tofauti na ya Lesotho, na anaongeza: "Nina rasta ndefu za kuongezea. Je, kofia ngumu itanitosha?"

Nguo ni zilezile, isipokuwa huko Februari kuna theluji nyingi zaidi na siku za mawingu ambazo jua halionekani kabisa, kwa hiyo miwani yenye kioo cha kubadilisha cha rangi hafifu ni ya manufaa. Kuhusu urefu hutapata shida kubwa ukianzia Chamrousse, karibu na Grenoble, ambako mashindano ya ski ya mlimani ya Olimpiki ya 1968 yalifanyika. Kilele chake kina mita zipatazo 2,250, chini sana kuliko Afriski. Njia za kuteleza Ufaransa zimewekewa alama za rangi kulingana na ugumu: kijani ndiyo rahisi kabisa, ikifuatiwa na buluu, nyekundu, na nyeusi. Baki kwenye kijani mpaka uweze kusimama na kugeuka pande zote mbili kwa hiari yako, na kumbuka kwamba aliye chini yako mlimani ndiye mwenye haki ya njia. Wewe uliye juu ndiye unayepaswa kumkwepa.

Bima isome yote. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa, hudai bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na wengi wakishaipata hudhani wamemaliza, kumbe mikataba mingi huitenga michezo ya theluji au gharama za kumteremsha majeruhi kutoka mlimani. Uliza kwa maandishi kama ubao wa theluji umejumuishwa. Usipojumuishwa, unaweza kuongeza bima ya siku unaponunua tiketi ya kupandia mlimani. Na muulize dada yako tarehe za likizo ya shule ya majira ya baridi katika kanda yao, maana wiki hizo bei hupanda na walimu wa mchezo huwa wamekwisha kukodiwa.

Kuhusu nywele, swali lako ni zito kuliko linavyoonekana. Rasta nene zilizofungwa juu huinua kofia ngumu ikaacha paji la uso na kisogo wazi, na kofia iliyoinuka haikukingi. Kabla ya safari suka nywele zilale kichwani, mistari ielekee nyuma, na ncha zikusanyike chini ya shingo, chini ya ukingo wa kofia. Kisha ivae na utikise kichwa kabla ya kufunga kamba: ikibaki mahali pake, umefaulu. Beba kitambaa chembamba cha hariri au cha polista cha kuvaa ndani yake, kwa sababu kofia za kukodi huvaliwa na wengi, na paka nywele na ngozi mafuta usiku, maana hewa ya baridi hukausha kuliko kiangazi chetu.

Mwanafunzi mmoja anauliza kwa nini tuende mbali ilhali Kongo ina theluji yake kwenye milima ya Ruwenzori. Kweli inayo: kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kiko mpakani mwa Kongo na Uganda. Lakini barafu ya huko imesinyaa sana na inaendelea kuyeyuka, imejaa nyufa, na hufikiwa kwa siku kadhaa za kupanda kwa miguu, kisha kwa kamba na viatu vya meno. Hakuna mteremko uliotayarishwa, mtambo wa kupandisha watu wala kikosi cha uokoaji kilicho karibu. Hapo ni mahali pa wapanda milima, nao wanastahili maandalizi ya aina nyingine tutakayoyajibu tukiulizwa.

Barua ya mwisho inatoka kwa msomaji ambaye rafiki yake amerudi kutoka Ubelgiji na anamuuzia ubao wa zamani pamoja na vifungio vyake. Anauliza kama aununue kabla ya safari yake ya kwanza.

Usiununue, ndugu yetu, hata kama bei ni ndogo. Ubao huchaguliwa kwa uzito wa mtu, urefu wake na upana wa mguu wake, na anayeanza huhitaji ulio laini na mfupi kidogo, ambao ukisimamishwa wima unafika kati ya kidevu na pua. Wa rafiki yako ulichaguliwa kwa mwili wake na kwa ujuzi alioufikia. Vifungio vya plastiki vilivyokaa miaka mingi stoo huweza kupasuka ghafla kwenye baridi bila kuonyesha ufa wowote hapa. Isitoshe, mzigo mrefu wa namna hiyo hulipiwa zaidi na mashirika mengi ya ndege. Kodi mara ya kwanza, kodi na mara ya pili, ukibadilisha urefu wa ubao ili uone tofauti. Ukishajua kwamba mchezo umekuingia na kwamba utarudi, anza kununua buti zako mwenyewe, zilizopimwa mguuni mwako kwa ile soksi moja. Ubao utafuata baadaye.